Reli ya Kusini Haikuuawa na Karanga

Katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani kuna kata inayoitwa Reli. Katika Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, kuna kata inayoitwa Stesheni. Kati ya kata hizo mbili ipo nchi ya mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na kote humo hakuna treni inayopita. Njia iliyoziunganisha ilifungwa mwaka 1962, Tanganyika ikiwa bado haijatimiza hata mwaka wa pili wa uhuru wake, na baadaye reli zenyewe ziling'olewa. Ukimuuliza mtu wa kusini kisa cha reli hiyo, mara nyingi jibu ni neno moja: karanga. Waingereza walitaka kulima karanga, karanga zikagoma, reli ikafa. Ni maelezo mafupi yanayokumbukika kwa urahisi, na ndiyo yaliyomo katika vitabu vingi vinavyoitaja njia hiyo kwa mistari miwili mitatu. Nadhani hayatoshi. Tarehe zenyewe zinayapinga, na ardhi nayo, kwa anayeisoma kwa makini, inatoa ushahidi mwingine kabisa kuhusu kilichoiua reli ya kusini.

Tuanze na karanga, maana hakuna anayeweza kuziruka. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, aliishauri serikali yake kwamba Afrika Mashariki ina mapori mapana yanayoweza kulimwa karanga kwa matrekta. Serikali ikakubali mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Tanganyika ilipangiwa mashamba 80, na 55 kati ya hayo yalitakiwa yawe Jimbo la Kusini. Kwa maneno mengine, moyo wa mpango ule ulikuwa Nachingwea. Kongwa, ambako ndiko kila mtu anakokumbuka, ilianza kwanza kwa sababu ilikuwa karibu na Reli ya Kati, kiasi kwamba tawi fupi kutoka Msagali lilitosha kuifikia. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya meli kubwa. Vyote viwili ilibidi vijengwe kutoka mwanzo, na vikajengwa: mwaka 1949 treni ilifika Nachingwea kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, kupitia Ruo. Kwa kuwa hori ya Lindi haina kina cha kutosha, bandari ya kudumu ilipelekwa Mtwara, kwenye ghuba yenye maji ya kina, ikafunguliwa mwaka 1954.

Hapo ndipo hesabu ya tarehe inapoanza kusumbua. Mpango wa karanga ulitangazwa kuwa umeshindwa mapema mwaka 1951, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Kama reli ilikuwa mtoto wa karanga tu, ingepaswa kuzikwa mwaka huohuo pamoja na mzazi wake. Haikuzikwa. Ujenzi wa Mtwara uliendelea kwa miaka mitatu baada ya karanga kukata roho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi jipya lilichepushwa Chilungula na kupelekwa Masasi, mji ambao haukuwamo katika ndoto za karanga hata kidogo. Treni ziliendelea kwenda na kurudi kwa miaka 11 baada ya kifo cha mpango. Kitu kinachodumu miaka 11 bila kile tunachoambiwa kilikuwa uhai wake lazima kilikuwa na uhai mwingine, na kilipokufa lazima kilikuwa na ugonjwa mwingine. Kwangu mimi hili ndilo swali la maana, na jibu lake limo zaidi katika mandhari kuliko katika historia ya karanga.

Kusoma alama za reli iliyong'olewa si kazi ya wataalamu peke yao. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo treni haiwezi kupanda kama lori. Mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 tayari ni mkali kwake, wakati lori hupanda mara kadhaa ya hapo. Kona yake nayo haina budi iwe pana na ya taratibu. Ndiyo sababu njia ya reli, hata ikishanyang'anywa mataruma na kokoto, hujitambulisha yenyewe. Penye bonde kunakuwa na tuta la udongo lililonyooka kuliko njia yoyote ya kijiji, penye kilima kunakuwa na mkato uliochimbwa, na penye kijito kuna kalavati la zege lililo kubwa mno kwa njia ya miguu inayopita juu yake. Mti unaoota juu ya tuta hutofautiana na wa pembeni, kwa sababu udongo umepangwa na mkono wa mtu na maji hukimbilia chini. Nyumba za stesheni, maghala na nyumba za wafanyakazi hupangwa kwa mstari mmoja sambamba na kitu ambacho hakipo tena. Mtu akiwa na ramani ya zamani na picha ya setilaiti anaweza kuufuata mstari wa namna hiyo kwa maili nyingi bila kuinuka kitini.

Reli ya kusini ikisomwa hivyo, jambo la kwanza linaloonekana ni wapi ilipopita, na la pili, lenye uzito zaidi, ni wapi ilipokwepa. Ilishika bonde la Lukuledi na kupenya kuelekea magharibi hadi Nachingwea. Kihandisi ilikuwa sahihi, maana bonde ndiyo njia rahisi ya treni. Lakini watu wengi wa kusini hawakuishi walikopelekewa treni. Waliishi juu, kwenye Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya shida lakini udongo unakubali mikorosho, na waliishi Masasi, ambako Wamisionari wa UMCA walikuwa wamekita tangu 1876. Nachingwea ilichaguliwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa: ilikuwa na watu wachache. Waliopanga mashamba ya ekari 30,000 walitaka pori tupu, wasigombane na mtu kuhusu ardhi. Sasa fikiria maana yake kwa reli. Njia ya usafirishaji ilielekezwa kwa makusudi mahali ambapo hapakuwa na wa kusafiri wala wa kusafirisha, kwa matumaini kwamba shehena ingeota baadaye. Shehena ya karanga haikuota, na mkulima wa Newala, mwenye korosho zake mkononi, alikuwa na ukingo wa uwanda wenye mamia ya mita kati yake na stesheni ya karibu. Tawi la Masasi lilikuwa jaribio la kulisahihisha kosa hilo. Lilikuwa jaribio zuri, ila lilikuja zikiwa zimebaki pumzi chache.

Ugonjwa wa pili hauonekani kwenye tuta wala kalavati. Unaonekana kwenye ramani ya nchi nzima. Reli ya kusini haikuunganishwa na reli nyingine yoyote. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa na mtandao unaotembea kutoka Mombasa hadi Uganda, na mwingine kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na Mwanza, lakini kule kusini lilikuwa na kisiwa. Kisiwa cha reli ni kitu ghali. Kichwa cha treni kikiharibika Mtwara hakiwezi kuvutwa hadi karakana ya Dar es Salaam isipokuwa kwa kupakiwa melini. Mabehewa yanayokaa bure wakati korosho hazijakomaa hayawezi kukopeshwa Tabora kubeba pamba. Mafundi, wapiga ishara, akiba ya vipuri na ofisi ya hesabu vyote huendeshwa kwa ajili ya njia moja fupi, na gharama zake zote huangukia tani chache za mzigo. Reli ya Tanga nayo ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuungana na Reli ya Kati. Ikaunganishwa nayo mwaka 1963 kwa kujengewa kiungo cha karibu kilomita 190 kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Yaani katika muda usiozidi miaka miwili, nchi ileile changa ilishuhudia kisiwa chake cha reli kikifungwa na reli nyingine ikiunganishwa na Reli ya Kati. Tofauti ya hatima zao haikutokana na karanga. Tanga ilikuwa na mkonge na majirani upande wa pili wa kiungo. Mtwara ilikuwa na mto Rufiji na mapori yasiyo na barabara ya maana kati yake na mtandao.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawaonea waliofunga njia. Serikali ya mwaka 1962 ilikuwa na shule za kujenga, hospitali za kujenga, na wataalamu wa kuhesabika kwa vidole. Ingewezaje kuendelea kulipia treni inayotembea kwa hasara? Pingamizi hili lina haki yake, na sidhani waliofanya uamuzi ule walikuwa wazembe. Kwa hesabu iliyokuwa mezani walikuwa sahihi. Swali ni kama mezani palikuwa na hesabu kamili. Korosho zilikuwa zinapanda kila mwaka. Mikorosho iliyopandwa na wakulima wadogo miaka ya 1950, bila matrekta na bila pauni milioni moja ya mtu, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa vizuri. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, sehemu kubwa kutoka Mtwara na Lindi, na kwa miaka mingi rekodi hiyo haikuvunjwa. Reli ilifungwa takriban miaka 11 kabla ya kilele cha zao ambalo lingeweza kuilisha. Ilijengwa kwa zao lisilokuwepo, ikafungwa kabla zao lililokuwepo halijafika kimo chake, na mara zote mbili aliyekosekana katika hesabu alikuwa mkulima mdogo.

Pingamizi kali zaidi linatoka kwa watu wa usafirishaji, nalo nalichukulia kwa uzito. Watasema korosho ni zao la msimu: huanza kuuzwa karibu Oktoba na kwisha mapema mwaka unaofuata, kisha mabehewa yanabaki kuota kutu. Wataongeza kwamba miaka ya 1950 korosho zilinunuliwa kidogokidogo katika maduka ya vijijini yaliyotapakaa uwandani, na lori lililoweza kusimama mlangoni mwa duka na kushuka moja kwa moja hadi gatini lingeishinda treni inayotaka mzigo upakiwe, ushushwe, kisha upakiwe tena. Kwa miaka ile wana haki. Biashara iliyotawanyika ni chakula cha lori, na hata tawi la Masasi lingekuwa na kazi ngumu dhidi yake. Lakini biashara ya leo si ile. Tangu 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani umeibadilisha sura: mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, chama hupeleka ghala kuu, na mnada hufanyika kwa mzigo uliokwisha kukusanywa pamoja. Ufuta na mbaazi vimeingia katika utaratibu huohuo na vina misimu yake tofauti na korosho, hivyo miezi mitupu imepungua. Msimu wa 2017/18 taifa lilivuna korosho zaidi ya tani 313,000. Maghala makuu machache yenye makumi ya maelfu ya tani ndiyo hasa mahitaji ya treni. Hoja ya lori ilikuwa kweli ya wakati wake, na haifai kurithiwa kama sheria ya maumbile.

Kisha kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na masalia ya mradi wa mkoloni ulioshindwa. Jibu langu ni kwamba masalia hayo hayakubaki ya mkoloni. Bandari iliyochimbwa kwa karanga ndiyo inayohudumia kusini yote hadi leo, na imeongezewa gati jipya la mita 300. Mji wa Mtwara, ambao katikati ya miaka ya 1940 haukuwa chochote mbele ya Lindi na Mikindani, uliipokonya Lindi makao makuu ya jimbo. Nachingwea iliyopangwa kwa ajili ya mameneja wa mashamba imekuwa mji wa wilaya na soko la mazao, nafasi kati ya majengo yake ikiwa bado pana kama ya mji uliotarajia kuwa mkubwa mara tatu. Na shamba moja la karanga, Shamba Namba 17, ambalo watu wanalijua kwa jina la Farm 17, lilipata kazi ambayo hakuna waziri wa London aliyeiota. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 palikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliowaandaa hapo wapiganaji waliovuka Ruvuma hadi Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Kongwa, lile tawi jingine lililokufa, nako kukawa kambi za wapigania uhuru, wakiwemo wa ANC ya Afrika Kusini. Vyama vile vilipewa sehemu zilizokuwa na majengo, maji na nafasi, mbali na macho ya adui. Hivyo vyote vilikuwepo kwa sababu mradi wa karanga ulikuwa umevileta na kuviacha. Historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kueleza kwa nini katikati ya pori la Nachingwea palikuwa na kiwanja cha ndege na nyumba za matofali zinazosubiri watu.

Jambo la kuchukuliwa kwa uzito ni kwamba masalia haya yanapungua. Tuta la reli ni msingi ulioshindiliwa tayari, kwa hiyo mtengeneza barabara hulipenda. Kalavati la zege ni jiwe la bure kwa mjenzi. Kipande cha reli ni mhimili bora wa daraja la miguu na nguzo isiyooza. Hakuna ubaya mtu akitumia anachokikuta, na kwa kweli matumizi hayo ndiyo maisha ya pili ya njia yenyewe. Ubaya ni kutumia bila kuandika. Mpaka leo njia nyingi zilizofungwa zinajulikana vizuri zaidi kwa wapenzi wa treni walioko Ulaya kuliko kwa shule zilizojengwa hatua chache kutoka kwenye tuta. Mwalimu wa jiografia wa Nachingwea hana haja ya kutafuta mfano wa mwinuko au wa bonde la mto katika kitabu cha nchi nyingine. Wanafunzi wake wangeweza kupima tuta kwa kamba na kipimamaji, wakahesabu makalavati, wakachora ramani, na katika muhula mmoja wakawa na kumbukumbu ambayo hakuna idara iliyonayo. Wazee waliopanda treni ile wakiwa watoto sasa wamepita umri wa miaka 70, na wao ndio wanaojua stesheni ipi ilishusha nini.

Sababu ya kuiandika njia hiyo haraka inatoka mbele yetu. Kwa miaka mingi sasa serikali imekuwa na mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, yenye urefu wa karibu kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ni mpango ninaoutakia mema kwa dhati, maana kusini imesubiri vya kutosha: daraja la Rufiji lenyewe lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Lakini ukiuweka kando ya tuta la Lukuledi unaona maswali mawili ya zamani yakiwa hai. Mzigo unaotajwa kwanza ni wa madini, yaani shehena ya wawekezaji wachache ambayo bado iko ardhini, kama karanga zilivyokuwa bado kwenye karatasi. Na njia yenyewe inaanzia baharini na kuishia ziwani, ikiwa mbali na Reli ya Kati na mbali na TAZARA. Sisemi kwamba itakufa kama ile ya kwanza. Makaa na chuma haviharibiwi na ukame, na ziwa lina majirani wengine wawili, Malawi na Msumbiji. Ninachosema ni kwamba wapimaji wa njia mpya wanapaswa kuonyesha, kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, ni ghala lipi la Masasi, Tunduru na Songea litakalokuwa na njia yake ya kupakia, nauli ya tani moja ya korosho itakuwa kiasi gani ikilinganishwa na lori, na ni mwaka gani reli hiyo itaungana na nyingine. Nachingwea iko kaskazini mwa Masasi, kwa hiyo haimo katika njia hiyo. Wilaya hiyo na majirani zake wa Ruangwa na Liwale huuza korosho na ufuta kwa pamoja kupitia chama kikuu chao, RUNALI, na hakuna aliyewaeleza bado watafikaje kwenye stesheni ya karibu.